Chumvi ya Mama na Kidonge cha Asubuhi

Mwanzo nilidhani ni vumbi. Nauza nafaka soko la Majengo, mtama, uwele na karanga, na mtu anayeshinda kati ya magunia akipepeta uwele hashangai sauti yake ikikwaruza. Lakini yangu haikukwaruza tu, ilishuka. Mteja mmoja akanipigia simu kuuliza kama karanga zimefika, nikamjibu, akasema, "Samahani baba, naomba niongee na mama mwenye biashara." Nikamwambia ndiye mimi. Alicheka mpaka akakata simu. Wenzangu sokoni waliipenda sana hiyo. Wiki nzima wakawa wananiamkia "shikamoo mzee", nami nawaitikia marahaba kwa sauti yangu hiyohiyo nzito. Nilicheka pamoja nao, jamani, na sikujua ninachekea nini.

Dodoma nayo inajua kumfichia mtu ugonjwa. Ngozi ikikauka na kupasuka visigino, utasema ni upepo, maana nani hapa ngozi yake haikauki mwezi wa saba? Ukisikia baridi, utasema baridi ya Dodoma hiyo, vaa sweta. Mimi nilivaa sweta mpaka mwezi wa kumi na moja, watu wanajipepea na maboksi, bado nikawa nasema upepo. Uso ulivimba asubuhi, mwili ukaongezeka ilhali chakula naacha nusu, na kila niliyekutana naye Area D, mtaani kwangu, alinisifia. "Mama, umenawiri! Mji umekukubali!" Nikaweka maharage jikoni nikaenda kulala, nikaamshwa na moshi. Choo ndiyo usiseme, siku nne, tano. Yote hayo nilikuwa nimeyapa jina: uchovu wa biashara.

Nisingekwenda kwa daktari kama si mimba. Ya kwanza ilitoka na miezi mitatu, na hakuna aliyeniambia kwa nini. Hii ya pili nilipoijua tu nikaenda hospitali mbio, tumbo halijaonekana hata kwa mume wangu, na moyo unanidunda kama mtu aliyeitwa polisi.

Daktari alikuwa binti mdogo kuliko mimi. Alinitazama uso kwanza, kisha akasimama nyuma yangu akaweka vidole vyake mbele ya koo langu. "Meza mate, mama." Nikameza. "Tena." Nikameza tena, ingawa mate yenyewe yalikuwa yamekauka kwa woga. Akaanza kuuliza. Nywele zinakatika? Nikasema dawa za saluni. Baridi? Upepo. Sauti? Vumbi la uwele. Akaweka kalamu chini. "Mama, wewe una jibu la kila kitu. Hebu tuiulize damu."

Damu ilijibu vingine. Aliniambia kuna tezi hapa mbele ya shingo, ndogo tu, kazi yake ni kutengeneza homoni inayouamuru mwili uende kwa mwendo gani: moyo, tumbo, joto, hata kufikiri. Yangu imezembea. Ndiyo maana kila kitu mwilini mwangu kilikuwa kinajikokota. Inawezekana ni ukosefu wa madini joto, inawezekana ni mwili wenyewe umeigeukia tezi, vipimo zaidi vitasema. Hapo nilikuwa bado nimetulia. Kisha akasema, "Tatizo ni kwamba mtoto, miezi hii ya mwanzo, hana tezi yake ya kufanya kazi. Anategemea homoni yako. Akipungukiwa sana, kinachoumia ni ubongo. Anaweza kuchelewa akili, kukua, hata kusikia."

Nilipomsikia akisema kusikia, nikamwona kaka yangu.

Kaka yangu ndiye mzaliwa wa kwanza kwetu, kijijini upande wa mbuga za Bahi. Ni mtu mzima sasa, ana mvi, lakini urefu wake unanifikia begani. Hasikii na hajawahi kusema neno. Anachunga mbuzi, anafagia uwanja, anapepeta nafaka vizuri kunishinda mimi ninayekula kwa hiyo kazi, ila ukimpa jambo lenye hatua tatu, ya tatu anaisahau. Pale nyumbani tuna ishara zetu za mikono, nyingi nilizitunga mimi utotoni: kula, mvua, mbuzi, kulala, mzima, mgonjwa. Ishara ya mama ni ngumi chini ya kidevu, kwa sababu mama ana rovu. Ule uvimbe wa shingoni, ndiyo. Wanawake wengi wa rika lake kule kwetu wanalo, wanalifunika kwa kanga, na sisi watoto tulidhani ni kitu kinachomjia mwanamke akizeeka. Kuhusu kaka yangu watu walisema mengi, wengine mkosi, wengine jicho baya. Hakuna aliyesema shingo ya mama.

Daktari akaniandikia vidonge. Akanirudia maelekezo mara mbili: kidonge kimoja alfajiri, tumbo tupu, kwa maji matupu, kisha usile chochote kwa saa nzima. Sio na chai, sio na maziwa, na vidonge vya kuongeza damu vikae mbali nacho. Chakula je? Chumvi iwe ya dukani, yenye madini joto, uiweke kwenye kopo lenye kifuniko, na uitie chakula kikishaiva, maana moto huyapunguza madini. Samaki, mayai, maziwa kila nitakapopata. Ugali wa uwele sio sumu, ila ukizidi huisumbua tezi, kama kabichi na mihogo, kwa hiyo nisiulale na kuuamka kila siku peke yake. "Na usije ukasema utakula vizuri uache dawa," akaniambia. "Chakula kinaisaidia tezi, lakini yako sasa hivi imeshapita hapo."

Nilitoka nimeshika ile pakiti kwa mikono miwili. Siku mbili za kwanza nililamba chumvi kama mbuzi, kila nikipita jikoni nachovya kidole. Mume wangu, fundi wa nondo anayeshinda Msalato kwenye ujenzi, alinikuta siku ya tatu. "Wee! Mtoto hapikwi kwa chumvi. Utapata presha bure." Nikaacha, nikabaki na woga wangu mkavu.

Kisha mama akaja. Kwa desturi mama huja siku za kujifungua zikikaribia, lakini kwa kuwa ya kwanza ilitoka, alisema hii ataikalia mwenyewe. Alikuja na kaka yangu, maana hana wa kumwachia, na alikuja na mfuko wa chumvi. Hiyo chumvi lazima niieleze. Kiangazi, mbuga zikikauka, ardhi kwetu inatoa weupe juu. Wanawake wanaukwangua ule udongo, wanautia kwenye chungu kilichotobolewa, wanapitisha maji, na yale maji yanayochuruzika wanayachemsha mpaka inabaki chumvi ya kijivujivu. Mama yangu alikuwa fundi wa hiyo kazi. Watu walikuwa wanaacha nyumba tatu za karibu wanakuja kwake, wanasema ya kwake haina mchanga na mlenda unaivia vizuri. Amesifiwa kwa vitu vichache sana maishani mwake, na chumvi ndiyo ya kwanza.

Kwetu mama akija kumlea binti mjamzito, chungu ni chake. Binti haonji, haongezi, hasemi kimepungua nini. Ukifunua sufuria ya mama yako aliyekuja kukulea, umemwambia arudi kwake. Kwa hiyo kopo langu la chumvi ya dukani lilihamia juu ya kabati siku ya kwanza, nikalitazama likienda.

Kidonge nacho kikapata mlezi mpya. Asubuhi ya kwanza aliniona nimeshika maji na dawa, akaja kasi. "Ebo! Dawa tumbo tupu? Unataka ikukwangue utumbo na mtoto humo ndani?" Nikamwambia daktari kasema hivyo. Akaniuliza, daktari amezaa wangapi? Ndani ya dakika chache akaniletea kikombe cha uji wa uwele wa maziwa, moto, wenye karanga. Nikanywa uji, nikanywa kidonge juu yake. Na kesho yake, na keshokutwa.

Nimejiuliza sana kwa nini nilikubali. Mimi si mtu wa kunyamaza, sokoni madalali wa mizani wananijua. Lakini yule mwanamke alikuwa anaamka kabla yangu kunipikia, na kila nikimaliza kikombe alikuwa anashukuru Mungu kwa sauti. Nikajidanganya kwamba dawa ni dawa, ikishaingia tumboni itajua njia. Kumbe nilikuwa naogopa kumuudhi mama kuliko nilivyoogopa yale niliyoambiwa. Na kuogopa nilikuwa naogopa kweli! Mchana nilikuwa namtazama kaka yangu akifagia uwanja, namtazama miguu yake mifupi, nageuza uso kwa aibu. Yeye akiniona namtazama anacheka, ananionyesha tumbo langu na kutikisa mikono kama anayebembeleza mtoto.

Baada ya wiki sita nikapimwa tena. Daktari alisoma karatasi, akaisoma tena. Homoni haikuwa imepanda. Ilikuwa palepale, hata chini kidogo.

"Unakunywa dawa?"

"Kila siku, Mungu ananiona."

"Na nini?"

Nikasema na uji. Uji wa nini? Wa maziwa. Akashika paji la uso. Hakunigombeza, na ingekuwa nafuu angenigombeza. Alieleza taratibu kwamba uji na maziwa vinaikamata ile dawa tumboni, sehemu kubwa inapita bila kuingia kwenye damu. Akauliza chumvi gani napikia. Nikamweleza. Akaniuliza mama yangu ana rovu, nikasema ndiyo. Akaongeza kipimo cha dawa, akaniambia nimlete mama kesho yake. Wiki sita, nikawa nasema moyoni. Wiki sita zile zile ambazo mtoto alinihitaji.

Sikumbuki bajaji iliyonirudisha. Nakumbuka nilimkuta mama amechuchumaa jikoni, anakoroga mlenda, na mfuko wake wa chumvi uko wazi karibu na goti. Kaka yangu alikuwa mlangoni na ungo wake. Hasira ilinipanda kutoka nisikokujua. Nikapiga kelele kwa sauti yangu ile nzito, mpaka jirani akafungua dirisha.

"Mama, umeshaharibu mmoja, sasa unataka kuniharibia na wangu?"

Mama aliacha kukoroga. Alinitazama, kisha akamtazama kaka yangu, kisha akautazama mfuko. Sikuwa nimemweleza lolote kuhusu madini joto wala shingo wala kusikia, lakini mtu aliyebeba swali moja kwa miaka yote ile hahitaji maelezo mengi. Kaka yangu, kwa kuona midomo yangu ilivyokwenda, aliniuliza kwa mikono kama mimi ni mgonjwa. Nikamwashiria ndiyo.

Kesho yake tukaenda kwa daktari, kanga ya mama imefungwa shingoni juu kupita siku zote. Yule binti alimwamkia shikamoo, akamkalisha, akaomba ruhusa ya kumgusa shingo. Akaeleza tena yote, polepole, kwa Kiswahili chepesi. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja.

"Mwanangu wa kwanza. Ni chumvi yangu?"

Daktari akasema hawezi kujua. Hakumpima mama miaka ile, hakumpima mtoto, mtoto anaweza kuzaliwa vile kwa sababu nyingi. Akasema pia kwamba zamani nchi nzima huku bara watu walikula chumvi isiyo na madini joto, akina mama hawakuambiwa, na hilo si kosa la mwanamke mmoja. Alisema vizuri sana. Lakini mimi nilikuwa nimeshasema jana yake, na nilimwona mama akichagua kuamini la kwangu.

Tulipofika nyumbani aliuchukua ule mfuko akaumwaga chooni. Hakunielekea, hakulia. Alipanda kwenye kigoda akalishusha kopo langu kutoka juu ya kabati, akalifuta vumbi kwa upindo wa kanga. Nilitaka kusema kitu. Nilifungua mdomo kabisa, na nilichosema ni, "Mama, chumvi hiyo uitie chakula kikishaiva." Akaitikia, "Sawa, mama."

Tangu siku hiyo ukaanza ulinzi. Alfajiri mama alikuwa kitandani kwangu na maji matupu kwenye kikombe na kidonge kwenye kiganja. Akishaniona nimemeza, ananifungua mdomo aangalie chini ya ulimi. Kisha anakaa mlangoni mwa jiko hata mimi mwenyewe nisipite, anasikiliza redio ya jirani ili ajue saa imetimia. Siku moja nilijisahau nikanywa funda la chai kabla ya wakati. Alinipokonya kikombe. Hakuwa anapika uji tena mpaka jua lichomoze. Aliuliza bei ya samaki, aliuliza mayai mangapi, aliuliza kama kabichi inafaa, akaogopa mpaka mihogo. Nikamwambia, "Mama, daktari kasema kidogo kidogo haina neno." Akasema, "Hata mimi nilikuwa natia kidogo kidogo."

Kipimo kilichofuata kilipanda. Kingine kikapanda zaidi, kikakaa panapotakiwa. Baridi ikaniachia, choo kikarudi, na yule mteja wa karanga akanipigia akasema leo naona mama mwenyewe yupo. Ningefurahi, ila daktari hakuweza kunirudishia zile wiki sita. Nilimuuliza kila kliniki: zilimfanya nini mtoto? Kila kliniki alinijibu kwamba wengi wanatoka salama, tungoje azaliwe. Tungoje! Nililala na hilo neno miezi mitano.

Alizaliwa wa kike, akalia kwa nguvu. Mimi sikumwamini, kaka yangu pia alilia alipozaliwa, mama alishaniambia. Wakamchoma kisiginoni wakachukua damu ya kupima tezi, wakasema majibu yatachukua muda kwa kuwa yanapelekwa mbali. Siku zile nyumbani hatukuwa watu wazima wa kawaida. Mama alikuwa akipita nyuma ya mtoto anagonga sufuria kwa mwiko, mtoto anashtuka, mama anashusha pumzi, halafu baada ya saa moja anagonga tena, kana kwamba mara ya kwanza ilikuwa bahati. Mume wangu akarudi kutoka Msalato akamkuta akigonga, akasema, "Mama, huyu mtoto atakuwa kiziwi kwa sufuria yako." Hakuna aliyecheka, akaenda kukaa nje.

Daktari alipiga simu mwenyewe. Mchana, nimeketi barazani na mtoto kifuani, kaka yangu anachambua mawe kwenye karanga pembeni yangu, mama anaanika nepi. Akasema tezi ya mtoto inafanya kazi vizuri, kila kitu kipo kama kinavyotakiwa, tuendelee na kliniki kama watoto wengine. Nikamuuliza mara tatu. Kisha nikasema kwa sauti, "Mama! Mtoto mzima!"

Nilitegemea vigelegele. Mama aliiacha nepi ianguke, akaja akapiga magoti. Sio mbele ya mtoto, wala mbele yangu. Alipiga magoti mbele ya kaka yangu, pale kwenye maganda ya karanga, jambo ambalo kwetu mzazi hamfanyii mtoto wake. Akamshika mikono yote miwili akasema, "Nisamehe, baba. Sikujua. Ningejua ningekula udongo mtupu."

Kaka yangu alimtazama mdomo, akanitazama mimi, akingoja nimtafsirie. Mama naye akanigeukia. "Mwambie. Wewe ndiye unayeelewana naye. Mwambie anisamehe."

Nilinyanyua mkono mmoja, mwingine umemshika mtoto, na mkono ukabaki hewani. Hatukuwahi kutunga ishara ya msamaha. Na hata ningeitunga pale pale, ningemwambiaje? Ili aelewe anaombwa nini, lazima kwanza aelewe kwamba yeye mwenyewe ni hasara, kwamba mama yake akimtazama hulia, kwamba mimi niliogopa kuzaa mtu kama yeye. Hayo hajui. Tangu nimfahamu anaamka akifurahi kuwa ni asubuhi.

Nikamwashiria: mtoto, mzima.

Alirusha karanga juu, akapiga makofi, akamkumbatia mama mpaka kanga ikamfunguka shingoni, anacheka kwa ile sauti yake isiyo na maneno.

"Amekubali?" mama akaniuliza juu ya bega lake.

"Amekubali, mama," nikasema, nikainamisha uso kwa mtoto, na langu la kumwomba mama msamaha kwa maneno yale ya jikoni nikalimeza.